Ufunguo mmoja kwa duka zima: kisa cha TJX na uchaguzi wa ulinzi wa waifai

Novemba 2005 mkuu wa teknolojia wa kampuni ya maduka ya TJX aliwaandikia barua pepe watu wa idara yake. Alikiri kwamba WPA ndiyo njia bora ya kulinda mitandao isiyotumia waya iliyokuwa madukani, na kwamba huenda siku moja kanuni za kadi za benki zikailazimisha. Kisha akapendekeza fedha za kuhamia WPA ziondolewe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, mradi wote wakubaliane kwamba hatari iliyopo ni ndogo au haipo kabisa. Mmoja wa walio chini yake alimjibu kwamba kuokoa fedha ni muhimu, lakini kujikinga na wavamizi ni muhimu vilevile. Maadamu wanaendelea kutegemea WEP, njia ya zamani ya kulinda waifai, mlango uko wazi, na wakiahirisha watakuwa wameamua kuishi na hatari hiyo kwa kutumaini tu kwamba hawatavamiwa.

Wezi walikuwa ndani tangu Julai.

Barua pepe hizo zilijulikana baadaye, katika kesi ambayo mabenki yaliifungulia kampuni. Ndiyo sababu kisa hiki, ingawa ni cha miaka mingi, kinafaa kusomwa na kila anayepanga waifai ya duka, hoteli, shule au ofisi. Ni nadra kupata uvamizi ambao nyaraka zake zinaonyesha uamuzi wenyewe ukifanyika: wahusika walifahamu nini, lini, na walipima gharama gani.

TJX ina makao yake Framingham, Massachusetts. Wakati ule ilikuwa na maduka zaidi ya 2,000: T.J. Maxx na Marshalls huko Marekani, Winners huko Kanada, TK Maxx huko Uingereza. Desemba 2006 waligundua programu wasiyoijua kwenye seva zao, na tarehe 17 Januari 2007 wakautangazia umma. Kampuni ilitaja kadi zisizopungua milioni 45.7, mabenki yalidai mahakamani kwamba zilifika milioni 94. Juu ya hizo, watu wapatao 455,000 waliowahi kurudisha bidhaa bila risiti waliibiwa taarifa zao binafsi, zikiwemo nambari za leseni za udereva.

Sasa turudi kwenye mawimbi ya madukani, maana huko ndiko mlango ulikofunguliwa.

WEP ilikuja na kiwango cha kwanza cha kiufundi cha waifai, 802.11, mwaka 1997. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Vifaa vyote vya mtandao mmoja vinapewa ufunguo uleule. Ufunguo huo huunganishwa na namba ya biti 24 inayobadilika kutoka pakiti (kifurushi kidogo cha data) hadi pakiti, kisha viwili hivyo vinaingizwa kwenye kanuni ya usimbaji ya RC4 ili kutoa mfululizo wa biti za kufichia data. Biti 24 zinatoa namba zipatazo milioni 16.7 basi. Zikichaguliwa kwa bahati nasibu, baada ya pakiti kama 5,000 tayari uwezekano ni nusu kwa nusu kwamba mojawapo imejirudia, na kwa kuwa namba hiyo husafiri wazi hewani, anayesikiliza anaona imejirudia. Hapo anazo pakiti mbili zilizofichwa kwa mfululizo mmoja, na akijua au kukisia yaliyomo katika moja, ya pili inajifungua. Ukaguzi wa kuhakikisha pakiti haijachezewa nao ulitumia CRC-32, hesabu iliyobuniwa kugundua makosa ya njiani. Mtu mwenye nia mbaya hubadilisha data na kurekebisha hesabu hiyo pamoja nayo, hata bila kuujua ufunguo.

Upande wa kumtambua anayeingia ulikuwa mbaya zaidi, na sehemu hii husahauliwa mara nyingi. WEP ilikuwa na njia mbili za kukipokea kifaa. Ya kwanza ilikipokea bila kukiuliza kitu. Asiye na ufunguo angekwama baadaye kwa kushindwa kusoma data. Ya pili ilikitaka kithibitishe kwanza: kituo cha waifai kinatuma maneno ya majaribio yakiwa wazi, kifaa kinayarudisha yakiwa yamefichwa. Kwa macho ya msimamizi, hii ya pili ndiyo yenye ulinzi. Lakini msikilizaji aliyekaa pembeni anapata maneno yaleyale katika hali zote mbili, wazi na yaliyofichwa, akiyalinganisha anaupata mfululizo wa kufichia, na kwa mfululizo huo anaweza kujibu jaribio lijalo bila kuujua ufunguo. Waliochagua njia iliyoonekana imara walikuwa wamemzawadia mvamizi. Tena kituo chenyewe hakikulazimika kukithibitishia kifaa chochote kwamba ndicho kituo halali, na njia zote mbili hazikumtambua mtu. Zilitambua ufunguo, nao walikuwa nao wote.

Haya yote yalikuwa yameandikwa hadharani. Mwaka 2001 Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walichapisha udhaifu wa WEP; mwaka huohuo Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaonyesha jinsi ya kuutoa ufunguo wenyewe kutokana na RC4 inavyotumiwa humo, na haikuchukua muda programu ya AirSnort ikamwezesha yeyote mwenye kompyuta ya mkononi kufanya hivyo. Oktoba 2002 muungano wa Wi-Fi Alliance ulitangaza WPA. Juni 2004 kiwango kipya cha ulinzi wa waifai, 802.11i, kilipitishwa, na Septemba ya mwaka huo vifaa vya WPA2, toleo linalokifuata kiwango hicho, vikaanza kuidhinishwa. Kwa wenye maduka kulikuwa na onyo la karibu zaidi: mwaka 2003 vijana waliokaa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka la Lowe's huko Southfield, Michigan, waliingia kupitia mtandao usiotumia waya wa duka hilo hadi kwenye mfumo wa kampuni. Mmoja wao alihukumiwa miaka 9 mnamo Desemba 2004, na magazeti yaliandika. Kwa hiyo ule wa 2005 haukuwa mwaka wa kutojua.

Gazeti la Wall Street Journal, Mei 2007, lilisema mlango wa TJX ulikuwa duka la Marshalls karibu na St. Paul, Minnesota. Hati ya mashtaka ya serikali ya Marekani ya mwaka 2008 inataja vituo viwili vya waifai kwenye maduka ya Marshalls huko Miami, Florida, Julai 2005. Kundi hilo liliongozwa na Albert Gonzalez, ambaye siku hizohizo alikuwa mtoa habari wa Secret Service, idara ya usalama ya serikali ya Marekani. Mbinu yao ilikuwa kutafuta mitandao dhaifu ya maduka wakiwa na kompyuta na antena. BJ's Wholesale Club, OfficeMax na DSW nao wamo kwenye orodha ya walioumizwa. Kutoka kituo cha waifai cha duka moja, amri zao zilisafiri hadi seva za Framingham zilizochakata na kuhifadhi miamala ya kadi. Mei 2006 hawakuhitaji tena kurudi kwenye maegesho: waliweka kiunganishi cha VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, kati ya seva ya malipo ya TJX na seva yao wenyewe, wakapandikiza programu ya kunasa data za kadi papo hapo zilipokuwa zikipita.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokisimulia kisa hiki kama kisa cha WEP peke yake. WEP iliwapa wezi unachopata ukiwa umechomeka waya dukani. Safari ya kutoka kaunta ya Miami hadi hazina ya data Massachusetts iliwezekana kwa sababu mtandao wa duka haukutengwa na mfumo mkuu, na kulikuwa na cha kuiba kwa sababu data zilikuwa zimerundikwa. Kamishna wa Faragha wa Kanada, katika ripoti ya Septemba 2007 aliyoiandaa pamoja na mwenzake wa Alberta, alisema kampuni ilikusanya taarifa nyingi kupita mahitaji, ikazihifadhi muda mrefu mno, na kuzilinda kwa usimbaji dhaifu. Nambari ya leseni ya mtu aliyerudisha shati ilikuwa inafanya nini kwenye seva miaka kadhaa baadaye? Njia ya uthibitishaji inapochaguliwa, ni lazima swali la kilicho nyuma ya mlango liulizwe kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mlango uwe wa aina gani.

Tujiweke basi kwenye kiti cha yule msaidizi aliyejibu barua pepe. Mwaka 2005 alikuwa na njia gani?

Ya kwanza ni kubaki na WEP na kubadilisha ufunguo mara kwa mara. Kwa maduka zaidi ya 2,000, yenye vifaa vya mkononi vya kusomea bei, kubadilisha ufunguo kunamaanisha mtu kukishika kila kifaa. Hakuna anayefanya hivyo kila wiki, na hata angefanya, mtandao wenye shughuli nyingi ulikuwa unatoa pakiti za kutosha ndani ya saa chache. Mwaka 2007 watafiti watatu wa chuo kikuu cha Darmstadt walifikisha muda huo chini ya dakika moja: pakiti 40,000 zikitoa uwezekano wa nusu, 85,000 zikitoa asilimia 95. Ya pili ni kuficha jina la mtandao na kuruhusu tu anwani za vifaa vinavyofahamika. Bado nakutana na mafundi wanaoiuza kama ulinzi. Anwani hizo husafiri wazi katika kila pakiti, hata data ikiwa imefichwa. Mvamizi anasoma moja na kujivisha. Jina nalo hutajwa na vifaa vyenyewe vinapojiunga.

Ya tatu ni WPA yenye nenosiri la pamoja. Ilibuniwa makusudi ifanye kazi kwenye vifaa vingi vya zama za WEP kwa kubadilisha programu yake ya ndani tu, na kwa TJX ingekuwa ndiyo hatua ya haraka na nafuu kuliko zote. Ufunguo wa kufichia hubadilika kwa kila pakiti, na ukaguzi wa data haughushiki kirahisi kama CRC-32. Lakini Novemba 2003 Robert Moskowitz alikwishaonya kwamba nenosiri fupi la herufi chini ya 20 hivi halitoshi: anayenasa mazungumzo ya kifaa kinapojiunga huondoka nayo na kuyajaribu nyumbani kwake, maneno mamilioni, bila kugusa mtandao tena. Na shida ya asili imebaki palepale, kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi bado ana nenosiri la duka kichwani.

Ya nne ni WPA au WPA2 ya mashirika, inayotumia 802.1X, kiwango cha kumthibitisha kila anayeingia. Hapa kila mtu au kifaa kina utambulisho wake, na seva ya RADIUS ndiyo inayokubali au kukataa. Ndani yake kuna uchaguzi mwingine, wa njia ya kuuthibitisha utambulisho huo. LEAP ya Cisco ilikuwa imeenea, lakini udhaifu wake ulionyeshwa mwaka 2003: maneno ya siri yaliweza kukisiwa kwa mazungumzo yaliyonaswa. PEAP hutanguliza njia iliyofichwa kwa cheti cha kidijitali cha seva, kinachoithibitisha seva hiyo, kisha jina na nenosiri hupita humo. EAP-TLS hudai cheti pande zote mbili, cha seva na cha kifaa, na hakuna nenosiri la kukisia. Kifaa kikiibwa, cheti chake kinafutwa peke yake na maduka mengine hayahisi chochote. Gharama yake ni kujenga mamlaka ya kutoa vyeti na kukipa kila kifaa chake, na vifaa vingi vya mkononi vya wakati ule havikuiweza.

Ya tano haizungumzwi sana: kuyachukulia mawimbi kama barabara ya umma. Vifaa vikae kwenye mtandao wao, mbele yake kuwe na kizuizi kinachoruhusu tu kufika kwenye seva ya bei, na data za kadi zifichwe toka kwenye kaunta hadi kwa mchakataji bila kutegemea usimbaji wa waifai.

Mimi ningeanza na ya tatu na ya tano kwa pamoja, mwaka huohuo wa 2005: WPA yenye nenosiri refu la nasibu, tofauti kwa kila duka, na mtandao wa duka utenganishwe na seva za kadi. Kisha EAP-TLS ije na vifaa vipya vinavyonunuliwa. Vifaa visivyojua zaidi ya WEP ningevichomeka waya au kuviondoa. Nenosiri tofauti kwa kila duka ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini Miami ikivunjwa, inavunjwa Miami.

Kampuni yenyewe, kwa mujibu wa ripoti ya Kanada, ilikuwa imeamua kuhamia WPA mwishoni mwa Septemba 2005. Uamuzi ulikuwepo. Ulichukua hadi katikati ya Januari 2007 kukamilika, na katikati yake ndipo ilipoandikwa ile barua pepe ya kusogeza fedha mbele. Kosa lililomo katika barua hiyo linastahili kuchunguzwa kwa sababu linarudiwa na watu wenye akili timamu kila siku. Iliwekwa mezani gharama inayojulikana, ya mwaka mmoja, dhidi ya hasara isiyojulikana, na masharti yakawa kwamba wote wakubaliane kuwa hasara ni ndogo. Makubaliano ya watu walio chini yako hayapimi hatari. Kipimo kilikuwa rahisi: mpeleke fundi mmoja kwenye maegesho ya duka lenu, na antena, jioni moja, uone atafika wapi. Kanuni za kadi nazo zilitumika kama kipimo cha usalama. Kwa sababu WPA haikuwa bado lazima, ikaonekana inaweza kusubiri. Kanuni hizo zilikuja kupiga marufuku kuanzishwa kwa mitandao mipya ya WEP baada ya tarehe 31 Machi 2009, na kutumika kwa iliyokuwepo baada ya tarehe 30 Juni 2010. Aliyesubiri kulazimishwa alisubiri karibu miaka tisa tangu udhaifu ulipochapishwa.

Bili ilikuja. Mwaka 2007 TJX iliweka kwenye vitabu vyake dola milioni 118 katika robo moja ya mwaka kwa ajili ya sakata hili. Makubaliano na upande wa Visa yalifika hadi dola milioni 40.9, MasterCard hadi milioni 24, na majimbo 41 yakalipwa milioni 9.75. Tume ya Biashara ya Marekani iliiagiza ikaguliwe usalama wake kila baada ya miaka miwili kwa miaka 20. Machi 2010 Gonzalez alifungwa miaka 20. Wenye kadi, waliolazimika kuzifunga na kufuatilia taarifa zao za benki, hawakuwa na kura yoyote katika mjadala wa bajeti ile.

Ukipanga waifai leo, majina yamebadilika lakini swali la msingi ni lilelile: nani ana ufunguo, na ukivuja utaubadilisha kwa nani na kwa nani? Kwa duka dogo lenye watu watano, WPA2 yenye usimbaji wa AES na nenosiri refu inatosha, WPA3 ikiwa vifaa vyote vinaiweza. WPA3, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2018, inaziba ule mwanya wa kunasa na kwenda kukisia nyumbani. Kila kisio linahitaji kuzungumza na mtandao wenyewe. Ila hali ya mpito, inayoruhusu WPA2 na WPA3 kwa nenosiri moja, inauacha mwanya huo wazi kwa upande wa WPA2, kwa hiyo nenosiri liwe refu vilevile. Zima WPS, njia ya kujiunga kwa namba fupi badala ya nenosiri, kwenye ruta. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, na hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Sasisha programu za vifaa, simu na kompyuta zikiwemo: udhaifu wa KRACK uliotangazwa na Mathy Vanhoef mwaka 2017 uligusa takriban kila kifaa cha WPA2, na uliponywa kwa masasisho.

Hoteli iko tofauti. Nenosiri lililobandikwa mapokezi si siri, na kwa WPA2 ya aina hiyo, mgeni mwenye nenosiri aliyenasa simu ya mwenzake ikijiunga anaweza kusoma pakiti za mwenzake. Wageni wawe na mtandao wao, wasionane wao kwa wao, na mashine ya kadi na kompyuta ya hesabu zisiwe kwenye mtandao huo hata kwa siku moja ya dharura. Kamera za ulinzi na printa, ambazo nyingi huishia kwenye usimbaji wa zamani, ziwekwe kando pia, bila njia ya kwenda kwenye hesabu.

Taasisi yenye mamia ya watu haina sababu ya kubaki na nenosiri moja. Vyuo vimeshatuonyesha: eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, inayotolewa Kenya na KENET na Uganda na RENU, mitandao ya taasisi za elimu na utafiti, ni 802.1X ileile, na mwanafunzi anaingia kwa utambulisho wa chuo chake hata akiwa chuo kingine. Palipo na PEAP, jambo la kusimamia kwa ukali ni cheti cha seva. Simu iliyowekwa isikikague cheti itampa mvamizi aliyewasha kituo bandia chenye jina lilelile nafasi ya kulinasa jibu la nenosiri, na mfumo wa kukagua nenosiri wa MS-CHAPv2 ulio ndani yake umejulikana kuvunjika tangu 2012. Kwa hiyo mipangilio isambazwe kwa programu rasmi ya taasisi. Mtumiaji asiachwe abonyeze kubali kila anapoulizwa. Na mtu anapoondoka kazini, akaunti au cheti chake kifutwe siku hiyohiyo, kisha fundi ajaribu kujiunga kwa utambulisho huo na kuhakikisha seva imemkataa, maana kufuta kwenye orodha na kukataliwa mlangoni ni mambo mawili tofauti pale seva inapokuwa haijapata orodha mpya ya vyeti vilivyofutwa.